Sahani ya Mpima Makala

Huku kwetu Bunia dada mkubwa huitwa yaya. Wangu alinilea na kunisomesha, na karibu msimu mzima wa mvua nilikataa chakula chake. Hatukuwa tumegombana. Nilikuwa napima makala, yaani makaa ya kupikia.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kazi ile haya yasingetokea. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu ya serikali, na shule ikaishia hapo. Maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha mbele ya mizani. Kwanza nilipima kahawa katika depo, ghala la mfanyabiashara mmoja, baadaye samaki wakavu waliopandishwa kutoka Tchomia. Watu walikuwa wakisema kidole changu hakijui kugusa mizani, na mimi nililipenda neno hilo kuliko mshahara. Depo ilipofungwa nilikaa nyumbani kwangu, mtaa wa Lumumba, nikapanda lenga-lenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba na kuwasumbua wajukuu kwa mambo ya usahihi. Ndipo proje moja, yaani mradi, ya majiko ikatangaza kwamba inatafuta watu wanaojua kusoma mizani.

Majiko yale yalikuwa kwa ajili ya mama wa malewa, yaani wale wanaopika na kuuza chakula kando ya barabara. Malewa nyingi hapa hupika kwa babula za bati, majiko ya zamani ambayo moto wake nusu unapasha sufuria na nusu unapasha miguu ya mpishi. Jiko jipya lilikuwa na tumbo la udongo uliochomwa, na mtengenezaji alisema linakula makala kidogo sana. Lakini kusema kila mtu anasema. Kwa hiyo walitaka wapimaji.

Aliyetufundisha alikuwa injinia, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, aliyetoka Kisangani, mwenye sauti ndogo na viatu ambavyo matope ya Bunia hayakuwahi kuviacha. Tulimwita Mama Shefu, yaani mkubwa wa kazi, kwa utani, naye alituitikia bila kucheka. Mimi aliniita papa.

Alitueleza kwamba mbali huko wako watu wanaochoma mafuta mengi, nao wako tayari kulipia moshi ambao haukutoka mahali pengine. Moshi huo ambao haukutoka ndio uliolipia majiko haya, na ndio ungelipia yajayo.

"Sasa, moshi ambao haukutoka utaushika wapi?" nilimuuliza. "Hauingii kwenye gunia."

"Ndiyo maana tumekuita, papa," alisema. "Unapima makala ya mama mwenye jiko jipya. Unapima pia ya mama ambaye bado anangoja, anayepika na babula yake kama zamani. Unagawa kwa sahani zilizotoka. Tofauti kati ya hao wawili ndiyo moshi wetu, na ndiyo miti iliyobaki imesimama upande wa Komanda, makala yanakotoka."

Nililipenda jambo lile kama nilivyopenda hesabu shuleni. Kahawa nilipima kahawa iliyokuwepo. Sasa, uzeeni, nilikuwa napewa kupima kitu ambacho hakikutokea.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi, kabla moto haujawashwa, nilikuwa naning'iniza gunia la makala kwenye mizani ya ndoano, naandika, na kumwambia mama: ya leo yatoke humu tu. Jioni nilirudi kupima yaliyobaki. Katikati ya siku mama mwenyewe alihesabu: kila sahani iliyotoka alitia punje ya mahindi kwenye kopo. Kopo lilikuwa na mfuniko, kwa sababu ya kuku.

Ilikuwa kazi ya kuchekesha pia. Mama mmoja wa karibu na soko, mtu msafi kupita kiasi, aliona haya kumwonyesha mgeni makala yenye vumbi. Akayaosha. Nilipoyatundika jioni yakawa mazito kuliko ya asubuhi. Kwa mizani yangu, mama yule alikuwa amepikia watu kutwa nzima na makala yakaongezeka. Nilimwambia, "Mama, kama ni hivyo, weye ndiye tutakuuza kwa wazungu, si jiko." Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile hatukuiandika.

Mama Shefu alitupa onyo kwa ajili ya mambo kama hayo. Mgeni akiwa ndani, watu hapa hawapiki kama kila siku. Wanapika kwa mgeni. Kwa hiyo alituambia tusipokee chakula cha bure katika nyumba tunazopima. Sahani ya zawadi haiingii kwenye kopo, na moto uliopika sahani hiyo unabaki bila mwenyewe. Vijana tuliokuwa nao walinung'unika, maana chakula ndicho kilikuwa utamu wa kazi. Mimi nililipokea neno lile kama lililoandikwa juu ya jiwe.

Yaya alikuwa na malewa yake katika mtaa huu huu wa Lumumba, chini ya bashi ya bluu, turubai lililofungwa kwenye miti minne. Mabenchi yalitazama barabara. Alipika bugali, maharagi na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Tchomia siku ambazo gari lilifika. Wateja wake walikuwa bamotari, yaani vijana wa pikipiki za abiria, mafundi wa gereji ya jirani, na walimu wa shule ya msingi waliokuja wakiwa bado na chaki mikononi. Wakati wa kugawa majiko kulipigwa kura, na yaya akaangukia upande wa wale wanaongoja.

"Hata mu tombola bahati yangu ni ya kungoja," alisema. Lakini alikubali kupimwa.

Mama Shefu hakutaka nipime nyumba ya ndugu yangu. Ni mimi niliyeomba. Nilisema, "Nipeni hiyo hasa, muone kama mizani yangu inajua dada." Leo neno hilo likinirudia natazama chini, hata nikiwa peke yangu.

Siku ya kwanza nilipomaliza kupima, yaya alikuwa ameshaniwekea benchi. Wateja wawili watatu wa mapema walikuwa wanangoja chai.

"Ikala, leki yangu," alisema. Ikala ni keti, na leki ni mdogo wake mtu. Na mimi, na mvi zangu zote, bado ni leki kwake. "Maharagi ya jana iko, nitakupashia."

"Yaya, leo niko kazini."

"Kazi inafunga kinywa?"

"Ni sheria ya proje. Nisile bure mahali napima."

"Bure?" Aliweka mikono kiunoni, akawageukia wateja. "Munamusikia? Hii tumbo yake nimeilipia tangu iko ndogo kama ngumi. Leo anasema bure!"

Watu walicheka. Motari mmoja akapiga kelele, "Muzee, sahani yako ilete kwangu, mi sina proje!"

Nilicheka pamoja nao, nikachukua mizani yangu, nikaenda.

Mtu atauliza, kwa nini sikununua? Ningelipa kama mteja, punje ingeingia kwenye kopo, na mambo yangeishia hapo. Lakini mtu hamlipi yaya wake sahani ya maharagi. Ukitoa noti mbele ya wateja wake umemtukana, umesema weye na mimi ni watu wa sokoni. Asingeigusa noti ile, na pengine angenifuata nayo barabarani akinitangaza. Kwa hiyo kula bure kulikatazwa na proje, na kununua kulikatazwa na damu. Nikachagua njia ya tatu, nisile kabisa.

Kisha nikaongeza na yangu. Nikaacha kula kwake hata siku zisizo za kupima, nikaacha hata maji ya kunywa, ili wenzangu wasije wakasema muzee ana sahani yake ya siri. Na kwa kuwa saa ya mchana ndiyo saa ya kukaribishwa, niliikwepa saa ya mchana. Nilikuja asubuhi mapema na jioni, nikapima, nikasalimu, nikatoka.

Lazima niseme hapa jambo la mume wa yaya, ingawa ni la zamani. Shemeji yangu alikufa ghafla, tumbo, baada ya chakula cha jioni. Ilikuwa baada ya sisi kukimbia vita kutoka Djugu, wakati watu walikuwa wanakufa kwa mambo mengi na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza. Hata hivyo upande wa shemeji waliuliza. Wengine walinong'ona kwamba chakula kile kilikuwa na kitu. Mimi ndiye niliyesimama kwenye matanga, nikachukua chakula kutoka katika sufuria ile ile ya yaya, nikala mbele ya wote nikiwa nimesimama. Mnong'ono ukafa. Yaya akalea watoto wake kwa sufuria hiyo, na watu wakala kwake miaka na miaka bila kuwaza.

Kwetu mtu akikuletea pombe au chakula na hamjuani vizuri, anaonja yeye kwanza. Hakuna anayekasirika. Ndugu hawaonjeani.

Msimu wa mvua ukaendelea. Niliona punje zinapungua kwenye kopo la yaya. Niliziona, nikaziandika, nikajiambia ni mvua, bamotari hawatembei. Makala hayakupungua kama punje. Anayepika malewa anajua sababu: sufuria ya maharagi inataka moto wake ule ule, wakila watu wengi au wakila wachache. Moto hauhesabu wateja. Kwa hiyo ukigawa makala ya yaya kwa sahani zake, kila sahani ilikuwa imekula makala mengi ya kutisha, na jiko jipya, likilinganishwa naye, likaonekana kama muujiza.

Nilifurahi. Hilo ndilo nililolificha muda mrefu hata kwangu mwenyewe. Niliona hesabu inapendeza, nikaona mizani yangu imeleta habari njema, na sikuuliza habari hiyo njema inatoka wapi.

Aliyeuliza ni Mama Shefu. Alinikalisha mbele ya meza yake, akaweka kidole juu ya namba za nyumba ya yaya.

"Papa, hii nyumba inatupenda mno."

"Mizani yangu haidanganyi, mama."

"Sijasema mizani. Nyumba ikitupa zawadi kubwa hivi, lazima tuiulize kwa nini. Watakaokuja kutukagua wataiuliza tu." Akaondoa kidole. "Uliwahi kufika kwake mchana?"

Nilitazama namba, nikaona saa zangu zote ni za asubuhi na jioni.

"Nenda mchana. Usibebe mizani."

Nilikwenda kesho yake, jua likiwa kichwani. Chini ya bashi ya bluu mabenchi yalikuwa matupu. Alikuwepo mzee mmoja tu, jirani yetu asiyesikia vizuri, anakula taratibu. Yaya alikuwa ameketi nyuma ya sufuria akichambua sombe, na sufuria haikuwa ile kubwa. Ng'ambo ya barabara, kwenye malewa ya mama mwingine, pikipiki zilikuwa zimepangwa kama siku ya harusi, na watu wanakula hata wakiwa wamesimama.

Sikumwendea yaya. Nilivuka barabara. Yule motari aliyetaka sahani yangu siku ya kwanza alikuwa pale, mdomo umejaa.

"Kijana, mbona mumehama?"

Akameza. "Muzee, utatusamehe. Siye batu ya barabara tunakulaka mahali batu banakulaka."

"Kwa yaya wangu kuko nini?"

Walitazamana. Mmoja akaangalia sahani yake.

"Weye ndiyo utatuambia," motari alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Unaingiaka pale asubuhi, unaingiaka mangaribi. Unapima-pima vitu mu gunia. Unaandika. Na chakula ya dada yako haugusi, hata maji. Zamani ulikuwa unakula pale kila siku, siye wote tulikuona. Bon, tukasema, muzee iko najua kitu."

"Na ile mambo ya bwana yake..." mwingine alianza.

"Nyamaza weye!" motari akamkata. "Muzee, usikasirike. Ni woga tu."

Nilisimama pale na jua lote juu yangu. Watu hawa hawakuwa na chuki. Walikuwa wamenisoma, kama mimi nilivyosoma mizani, na walikuwa wamesoma sawasawa kile kilichokuwa mbele ya macho yao.

Nilirudi kwa yaya. Hakuinua macho kutoka kwenye majani.

"Umetoka kuuliza kwao," alisema. "Wamekuambia?"

"Kwa nini hukuniambia weye?"

"Nikuambie nini?" Alitupa shina pembeni. "Nilifikiri weye pia."

"Mimi pia nini?"

"Weye pia umeanza kuamini. Mutu akizeeka anaweza kuanza kuamini vitu. Nilisema, pengine amekaa usiku, amefikiri juu ya bwana yangu, akaona afazali ajikinge. Nikasema nitafanya nini? Nitamulazimisha?"

"Yaya, ilikuwa sheria ya proje. Nilikueleza."

"Siku ya kwanza ulinieleza. Na siku ambazo hukuja na mizani? Na maji?" Sasa alinitazama. "Proje imekuja juzi. Mimi nimekupikia tangu Djugu."

Nikauliza kitu cha kijinga, kama watu wafanyavyo. "Sufuria kubwa iko wapi?"

"Nimeiuza. Nilikuwa namwaga maharagi kila mangaribi. Sufuria kubwa ya nini?"

Ile ilikuwa sufuria aliyopikia chakula cha kumsomesha mtoto wake wa mwisho, na kabla yake alikuwa na nyingine kama hiyo iliyonisomesha mimi. Sikumwambia pole. Niliona pole ni kitu chepesi mno kuweka mahali pale palipokuwa na sufuria.

Siku ile ile nilirudi biro, ofisi ya proje. Nilimweleza Mama Shefu yote, mpaka habari ya shemeji. Nikamwomba ruhusa ya kula kwa yaya, na nikasema akiona nimevunja sheria aniondoe kazini.

Alivua miwani yake. "Papa, nani alikukataza kula?"

"Weye. Ulisema tusile bure."

"Nilisema sahani isiyohesabiwa. Ungekula, ukatia punje kwenye kopo, basi. Sahani ni sahani. Jiko halijui nani amelipa."

Nilikuwa na diploma, nilikuwa na mvi, nilikuwa na jina zuri mbele ya mizani, na jambo hilo dogo halikunijia. Ningetia punje moja. Punje ile ingemridhisha Mama Shefu, na yaya asingetukanwa na noti yoyote. Nadhani halikunijia kwa sababu sikulitaka. Nilitaka kuonekana mtu anayeweza kumkatalia hata dada yake, na sheria nyepesi isingenipa sifa hiyo.

Hakunifukuza. Alizikata namba za yaya za msimu ule, zote. "Hizi hatuzitumii. Hapa hatukupima jiko. Tulipima woga."

"Lakini jiko litaonekana dogo," nilisema. Nilijua namba za yaya ndizo zilizokuwa zinapendezesha hesabu yote.

"Litaonekana kama lilivyo." Akarudisha miwani. "Moshi tukiuuza bila kuwa nao, si tumeiba? Na kuanzia sasa nyumba ya dada yako atapima mtu mwingine. Hilo nililijua tangu mwanzo na nikakuacha unishinde. Hilo ni langu."

Sikuwahi kumsikia mkubwa wa kazi akisema "hilo ni langu" mbele ya mtu wa chini yake. Nilipokuwa natoka nilijua kwamba kosa langu bado linaningoja chini ya bashi ya bluu.

Nilichagua siku ya soko, saa ya mchana, wakati barabara imejaa. Sikuvuka moja kwa moja. Nilipita kwanza mbele ya malewa ya ng'ambo, nikawasalimu bamotari kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka wote wakanitazama. Kisha nikavuka, nikaketi kwenye benchi la mbele la yaya, uso kwa barabara.

"Yaya, niko na njaa."

Alinitazama kitambo. Alijua ninachofanya, hakuna mtu Bunia ambaye asingejua. Alipakua bugali, maharagi na kipande cha samaki, akaleta. Kabla ya kuiweka sahani mbele yangu alichukua kijiko, akachota ukingoni mwa sahani, akakipeleka mdomoni kwake. Alikuwa anataka kuonja. Alikuwa ananifanyia mimi kama anavyofanyiwa mgeni asiyejulikana.

Nilifunika sahani kwa mkono. "Weka kijiko."

"Acha nionje. Watu wanaangalia."

"Kwa sababu wanaangalia. Weka kijiko, yaya."

"Leki, usinisaidie kwa huruma."

"Si huruma. Niko na njaa, nimekuambia. Tangu mvua ianze sijakula maharagi ya maana."

Akaweka kijiko. Nilikula kwa mkono, nikala kwa haraka mno, mpaka bugali ikaniunguza. Ng'ambo waliacha kula, wakanitazama. Nilipomaliza nikaomba maji, nikayanywa yote, nikainua kikombe juu.

Motari wangu akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Muzee! Siye tutaangalia mpaka kesho!"

Watu walipasuka kwa kicheko, pande zote mbili za barabara. Yaya mwenyewe alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akafunua kopo, akatia punje moja.

"Ya ngapi leo?" nilimuuliza.

"Ya pili. Ya kwanza ni ya kiziwi wangu."

Kesho yake mchana nilirudi, nikasimama katikati ya barabara, nikafungua mikono. "Niko hai!" Kesho yake tena. Siku ya tatu au ya nne motari alivuka na pikipiki yake akiisukuma, akaketi kando yangu, na kabla hajala akatazama kwanza kama nimeanza. Sikumlaumu. Nilitia tonge la kwanza mdomoni, naye akaanza.

Ningependa kuandika kwamba wote walirudi. Hawakurudi wote. Mafundi wa gereji walirudi nusu. Walimu hawakurudi kabisa; walikuwa wamezoea mahali pengine, na mazoea hayahitaji woga ili yaendelee. Wakati mwingine nakutana na mmoja wao, ananisalimu kwa heshima, nami najua kwamba katika kichwa chake kuna kijimlango kidogo nilichokifungua mimi, na hakuna sahani nitakayokula itakayokifunga.

Jiko la yaya lilikuja baada ya wale wengine wote kumaliza kungoja. Ni zuri. Linashika moto, miguu yake haiungui tena, na kikohozi chake cha asubuhi kimepungua. Lakini liliundwa kwa kipimo cha sufuria kubwa ya malewa. Ile aliyobaki nayo ni ndogo; inakaa kwenye mdomo wa jiko kama mtoto kwenye kiti cha baba yake, na ndimi za moto zinapita pembeni. Nilimnunulia nyingine kubwa sokoni. Aliipokea, akaisugua, akaitundika ukutani nyumbani kwake. Anasema wateja wakitosha ataishusha. Siku ambazo wanazidi kidogo, anapika mara mbili katika ile ndogo.

Sasa anapimwa na kijana mwingine, mwenye adabu, anayekula kila mahali na kutia punje yake. Aliniambia jiko la yaya linaokoa makala, ndiyo, ila si kama kwa mama wengine, na hajui kwa nini. Nilimwambia aandike alichokiona. Ile tofauti naijua. Hawatakuta kosa ndani ya jiko, hata wakilifungua lote. Ni mimi.

Kwa hiyo kila mchana naenda. Sina mizani. Naketi benchi la mbele, yaya ananiletea sahani bila kuonja, ananitukana kidogo kwa kuchelewa, na kabla sijanawa mikono namsikia akifunua kopo, na punje inagonga bati. Katika hesabu ya moshi ambao haukutoka, mahali fulani mbali, mimi nimo, sahani moja ya bugali na maharagi. Yaya haniruhusu niitie punje hiyo mwenyewe.